Joho Halimwondolei Mtu Uraia

Jumanne tarehe 14 Agosti 1990, Askofu Alexander Kipsang Muge wa Dayosisi ya Eldoret ya Kanisa la Kianglikana alifunga safari kwenda Busia. Siku chache kabla ya hapo, waziri wa leba wa wakati huo, Peter Okondo, alikuwa amemwonya yeye pamoja na Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini kwamba wakithubutu kutia mguu Busia wataona moto, na huenda wasitoke huko wakiwa hai. Muge alikwenda. Aliwasalimu waumini, akasema aliyokuwa nayo ya kusema, kisha akaanza safari ya kurudi nyumbani. Alipofika Kipkaren gari lake liligongana na lori, akafariki. Dereva wa lori alishtakiwa na kufungwa kwa kosa la kuendesha kwa hatari. Waziri akajiuzulu.

Yaliyotokea barabarani siku ile yamejadiliwa kwa miaka mingi, na sina nia ya kuyajadili upya hapa. Linalonikera mimi ni lile neno lililotangulia ajali. Waziri hakusema kwamba askofu alikuwa mwongo. Hakusema kwamba ardhi aliyoitaja haikunyakuliwa, wala kwamba njaa aliyoisema ya Pokot haikuwapo, wala kwamba kura alizozilalamikia hazikuibwa. Alichosema ni kwamba mtu huyu asije upande huu. Mkenya aliyezaliwa Kenya, mwenye kitambulisho cha Kenya, aliambiwa na mtumishi wa umma kwamba kipande fulani cha nchi yake kimefungwa kwake kwa sababu ya ulimi wake. Wapenda mageuzi wenzangu, hapo ndipo penye shina la jambo hili, na tukipasahau tutajikuta tukilipigania tawi.

Watawala wa zama zile walikuwa na hoja moja waliyoirudia kila walipopanda jukwaani. Mtumishi wa Mungu akitaka siasa, walisema, na avue joho, aingie uwanjani na kuomba kura kama wanaume wenzake. Hoja hii ina sura ya busara, na kwa sababu hiyo haijafa. Husikika hadi leo mazishini na katika mikutano ya harambee, kila mara askofu au shehe anaposema neno lisilompendeza mkubwa. Basi na tuipime. Tangu Juni 1982 hadi Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba kiliifanya KANU kuwa chama pekee nchini. Kwa hiyo kumwambia kasisi avue joho na kuomba kura kulimaanisha kwamba aombe kwanza kadi ya KANU, kisha aombe idhini ya wakubwa wa KANU, kisha asimame mbele ya wapiga kura waliopangwa na KANU. Ilikuwa kama kumwambia mtu apite mlangoni ilhali umekwisha kuutia kufuli na ufunguo unao wewe.

Isitoshe, wachungaji hawakuutafuta ugomvi huo. Ugomvi ndio uliowafuata hadi madhabahuni. Mwaka 1986 KANU iliamua kwamba katika kura za uteuzi karatasi ya siri itupwe, na mahali pake wananchi wapange mlolongo nyuma ya picha ya mgombea wanayemtaka, wahesabiwe mchana kweupe kama ng'ombe mnadani. Agosti mwaka huohuo mamia ya wachungaji wa Baraza la Kitaifa la Makanisa walikutana katika Chuo Kikuu cha Kenyatta na kusema kwamba hawawezi kupanga mlolongo. Sababu yao haikuwa ya kimapinduzi hata kidogo. Walisema kwamba mchungaji anahudumia watu wa pande zote, na akionekana hadharani nyuma ya picha ya mgombea mmoja, amewageuzia kisogo waumini waliosimama nyuma ya yule mwingine. Yaani walikuwa wakiomba waruhusiwe kutojitia katika siasa za makundi! Kwa ombi hilo waliitwa wachochezi, wakaambiwa wana mabwana wa kigeni, na Kanisa la Africa Inland, ambalo Rais Moi alikuwa muumini wake, likajitoa katika Baraza. Ulipofika uchaguzi wa 1988, nchi nzima ilijionea jinsi mlolongo mfupi ulivyoushinda mrefu, na jinsi aliyetangaziwa asilimia 70 katika uteuzi alivyopita moja kwa moja bila kupingwa. Wachungaji walikuwa wameliona jua kabla halijachomoza.

Marehemu David Gitari, wakati huo Askofu wa Mlima Kenya Mashariki, alikuwa na namna yake iliyowatatiza sana watawala. Alikuwa akifungua Biblia, akichagua habari ya Danieli na wakubwa waliomtegea mtego, au ya Nabothi na shamba lake la mizabibu lililotamaniwa na mfalme, na kuieleza aya kwa aya. Msikilizaji ndiye aliyejijazia majina kichwani mwake. Sasa utamshtaki mtu kwa kumtaja Ahabu? Usiku wa tarehe 21 Aprili 1989 genge la watu lilivamia nyumba yake, naye akaokoka kwa kupanda juu ya paa na kupiga kelele hadi majirani wakaja. Kasisi Timothy Njoya wa Kanisa la Kipresbiteri alikuwa na namna tofauti kabisa. Katika ibada ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 1990, wakati tawala za chama kimoja za Ulaya ya Mashariki zilikuwa zimeanguka moja baada ya nyingine, aliuliza waziwazi kama tawala za namna hiyo huku kwetu zitadumu. Wakubwa kadhaa walitaka atiwe kizuizini kwa mahubiri hayo. Kabla mwaka ule haujafika katikati, Okullu naye akataka kifungu cha 2A kifutwe na muda wa rais uwekewe mpaka. Hayo mawili, msomaji, leo yamo katika katiba na hakuna anayeyaona kuwa uchochezi.

Nakumbuka jambo dogo la kanisani kwetu miaka ile. Kila Jumapili, kwenye benchi la nyuma, aliketi kijana mmoja mwenye daftari. Hakuwa akiimba wala kukomunika, na sote tulijua ametumwa na nani. Katekista wetu, mzee aliyekuwa na masikio mazito lakini akili nyepesi, alikuwa akifika mahali pazito pa mahubiri ananyamaza, anatazama nyuma, na kuuliza kwa upole, "Umeandika, mwanangu? Niendelee?" Waumini walicheka, na kijana naye alicheka. Lakini wiki moja mzee aliitwa na chifu, akawekwa barazani juani tangu asubuhi hadi saa kumi, na kuulizwa kwa nini amesoma habari za Farao. Akajibu kwamba ndizo zilizopangwa katika kitabu cha masomo cha mwaka. Jumapili iliyofuata alisoma bila kutazama nyuma, na hakuna aliyecheka. Sijui kama vitabu vya historia vitakuwa na nafasi ya mzee yule. Maaskofu walikuwa na magazeti ya London ya kuwaandika, yeye alikuwa na mkewe na ng'ombe wawili.

Je, ni kweli kwamba serikali ile ilichukia siasa mimbarani? La hasha. Kasisi aliyepanda mimbari kuisifu falsafa ya Nyayo hakuambiwa avue joho. Aliyemwombea Rais na kuwalaani wapinzani wake alipigwa picha, akaonyeshwa katika taarifa ya habari ya saa moja, na kanisa lake likapata harambee. Hiyo ilikuwa siasa, tena ya upande mmoja, ila ilikuwa ya upande uliopendeza. Kilichokatazwa kilikuwa ni kutokubaliana. Ndiyo maana mimi sikubali kabisa kuingia katika ule mjadala wa iwapo dini na siasa vichanganywe au vitenganishwe, kama kwamba hilo ndilo swali lililokuwa likiulizwa. Aliyeuliza hakuwa akitaka jibu.

Ulinzi wa maneno unahitajika zaidi pale yanapotajwa majina. Padri John Anthony Kaiser, Mmarekani wa shirika la Mill Hill, alifanya kazi miongoni mwetu kwa zaidi ya miaka 30. Aliwatetea waliofurushwa na mapigano ya ardhi waliokuwa katika kambi ya Maela, na mwaka 1999 alifika mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyokuwa ikichunguza mapigano hayo, akala kiapo na kuwataja mawaziri. Mwaka huohuo kibali chake cha kazi kikageuka kuwa tatizo, akatakiwa aondoke nchini. Kelele zilipigwa na maaskofu na wengineo, serikali ikalegeza kamba. Tarehe 24 Agosti 2000 mwili wake ulikutwa kando ya barabara karibu na Naivasha, ukiwa na jeraha la risasi kichwani. Wachunguzi wa Marekani waliokuja kusaidia walisema alijiua. Ilichukua hadi 2007 kwa mahakama ya uchunguzi ya Kenya kusema kwamba hakujiua, aliuawa. Hakuwa raia wa nchi hii, ni kweli. Lakini ushahidi wa kiapo mbele ya tume ya serikali yenyewe haukuwa hotuba ya mgeni mwenye kujipenyeza, na kibali cha kazi hakikutungwa kiwe hatamu ya kinywa.

Nimekitaja kibali kwa makusudi, kwa sababu nataka tuvuke sasa kwenda pwani, ambako palikuwa na mtu mwingine na karatasi nyingine. Hapo ndipo sisi wenyewe wa upande wa mageuzi tunapopaswa kujitazama kiooni.

Mwaka 1992, mlango wa vyama vingi ulipofunguliwa, Waislamu wa Mombasa waliunda Islamic Party of Kenya. Kilinyimwa usajili kwa hoja kwamba ni chama cha dini. Shehe Khalid Balala akawa sauti yake, akihutubia maelfu Mwembe Tayari, kwa ulimi mkali ambao kusema kweli haukuwa na breki. Alikamatwa, akashtakiwa, akawekwa rumande. Baadaye, akiwa Ulaya, serikali ikakataa kumpa pasipoti mpya, na mtu aliyezaliwa pwani ya Kenya akaambiwa kwa vitendo kwamba hana kwao. Alikaa Ujerumani hadi 1997 ndipo akarudi. Padri mgeni aliambiwa arudi kwao, na shehe mwenyeji akaambiwa hana kwao pa kurudi. Wakati huohuo liliibuka Mombasa kundi jingine la Kiislamu, UMA, lililoipigia debe KANU, na halikukutana na mkono ule uliomkamata Balala.

Yawezekana kuwa na hoja nzuri dhidi ya chama kilichoasisiwa juu ya dini. Katiba ya 2010 yenyewe inakataza jambo hilo, nami naona ni sawa. Lakini chama ni jambo moja na ulimi ni jambo jingine. Usajili wa chama unaweza kukataliwa na bado mtu akabaki na haki ya kusimama uwanjani na kusema, na kubaki na pasipoti yake. Ni wangapi kati yetu tuliosema hivyo wakati ule? Muge alipofariki tuliomboleza nchi nzima. Njoya alipopigwa na polisi ndani ya Kanisa Kuu la Watakatifu Wote tarehe 7 Julai 1997, na alipopigwa tena mbele ya Bunge tarehe 10 Juni 1999 picha zikazagaa duniani, hasira yetu ilikuwa ya haki. Balala alipokuwa anatangatanga Ujerumani bila pasipoti, wengi wetu tulinong'ona kwamba yule naye amezidi. Kura za watu wake wa Mombasa tulizitaka mwaka 1992, tena tukazipata. Mkuki kwa nguruwe!

Narudia hili kwa sababu haki ya mtu wa dini kusema siasa haitokani na joho lake wala kilemba chake. Tukiitetea kana kwamba ni heshima ya kanisa, tutakuwa tumempa Askofu kitu ambacho hatumpi imamu, na tumempa imamu wa msikiti mkubwa kitu ambacho hatumpi yule katekista wangu wa benchi la mbele. Haki hiyo ni ya mwananchi. Katiba yetu, katika vifungu vya 32, 33 na 38, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na wa kujieleza, na kila raia haki ya kujiamulia siasa zake, wala haisemi kwamba mtu akitiwa mafuta ya ukasisi anarudisha sehemu ya haki hizo ofisini.

Na haki ikiwa ya mwananchi, basi anayo hata anapokosea, na hata anapotupinga sisi. Mwaka 2010 makanisa mengi makubwa yaliipinga katiba mpya kwa sababu ya kifungu cha uhai na cha mahakama za Kadhi. Mimi nilikuwa upande wa Ndiyo, na nakiri kwamba nilisikia maneno mengi mabaya yakisemwa na wenzangu juu ya maaskofu: kwamba wamewasaliti waliofia mageuzi, kwamba warudi kwenye sala zao. Sikiliza vizuri hilo la warudi kwenye sala zao. Ni Okondo yuleyule, amevaa shati la mageuzi. Tarehe 13 Juni 2010 milipuko ilitokea katika mkutano wa maombi wa kambi ya La katika bustani ya Uhuru, watu 6 wakafa. Watu hao walikuwa pale wakitumia haki ileile waliyoitumia akina mama wa wafungwa wa kisiasa mwaka 1992, walipogoma kula katika bustani iyo hiyo, kisha, baada ya polisi kuwapiga, wakapata hifadhi ndani ya Kanisa Kuu la Watakatifu Wote. Katiba ikapita Agosti 4 kwa asilimia 67. Maaskofu walisema, wakashindwa kwa kura, na wakaendelea kusema. Siioni hasara yoyote iliyoipata nchi kwa hilo.

Najua msomaji atauliza: na yule anayechochea damu? Swali ni la haki, wala si dogo katika nchi yetu. Katiba inaliweka wazi kwamba uhuru wa kujieleza haufiki kwenye propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, wala matamshi ya chuki, na tuna sheria ya 2008 ya utangamano wa kitaifa inayomwadhibu anayechochea chuki za kikabila. Sheria hizo hazibagui joho na suti. Shehe Aboud Rogo wa Mombasa alihubiri mambo ambayo mimi nayachukia, akiwasifu watu waliokuwa wakiua wenzetu. Alikuwa na kesi mahakamani. Tarehe 27 Agosti 2012, akiwa garini na jamaa yake mchana kweupe, alimiminiwa risasi akafa, na Mombasa ikawaka moto kwa siku kadhaa. Mgala muue na haki yake umpe, walisema wahenga, na haki ya Rogo ilikuwa ni kusomewa mashtaka, kuonyeshwa maneno aliyosema, na kuhukumiwa na hakimu. Kesi ile ingeweza kutufunza, mbele ya watu wote, mahali mpaka ulipo kati ya mahubiri makali na uchochezi. Badala yake vijana walipewa kaburi la kuzuru. Mpaka wa maneno huwekwa na korti juu ya maneno yaliyosemwa. Hauwekwi na waziri jukwaani juu ya maneno anayohofia yatasemwa, sembuse na mwenye bunduki.

Wala sitaki nionekane ninawapaka mafuta viongozi wetu wa dini. Uhuru wao wa kusema unakwenda na uhuru wetu wa kuwajibu, na mara nyingine wamehitaji kujibiwa kwa ukali. Kabla ya uchaguzi wa 2007 wengi wao waligawanyika kwa makabila kama wanasiasa wenyewe, wakabariki wagombea wa kwao. Nchi ilipowaka na kanisa la Kiambaa kuteketezwa na watu ndani tarehe 1 Januari 2008, walijaribu kupatanisha wakakuta sauti zao hazina uzito tena, kwa kuwa kila upande uliwahesabu kuwa wa upande mwingine. Baraza la Makanisa liliomba radhi mwaka huohuo kwa kuegemea upande. Ilikuwa radhi ya haki na iliyochelewa. Lakini angalia ni nani aliyewarudi. Hawakurudiwa na serikali kwa kuwafungia makanisa, walirudiwa na waumini waliowatazama usoni. Juni 2024 vijana waliopinga mswada wa fedha waliwauliza makasisi, tena kanisani mwao, kwa nini mimbari zimekuwa majukwaa ya kuchangiwa mamilioni na wakubwa. Na baada ya miezi michache, Novemba 2024, maaskofu Wakatoliki walitoa tamko kali juu ya utekaji nyara, ufisadi na uongo wa viongozi, na Jimbo Kuu la Nairobi likakataa mchango wa fedha ambao Rais alikuwa ametoa kwa parokia mojawapo. Sidhani mambo hayo mawili hayahusiani.

Serikali iliwajibu maaskofu kwa maneno. Iliwataka wawe na uhakika wa wanayoyasema, na baadhi ya wakubwa wakawakosoa hadharani. Wapo waliokasirika kwamba imethubutu. Mimi sikukasirika. Serikali kumjibu askofu kwa hoja ndicho kitu ambacho Muge hakupewa. Na ijibu kila wiki ikitaka. Ninachoogopa ni kitu kingine, ambacho hakipigi kelele wala hakimtishi mtu jukwaani, nacho ni karatasi ya usajili.

Mwezi Aprili 2023 tuligundua makaburi ya Shakahola, na zaidi ya miili 400 ikafukuliwa, watu waliofunga kula hadi kufa kwa mafundisho ya mhubiri. Nchi ilitetemeka, na ilikuwa na haki ya kutetemeka. Serikali iliunda jopo chini ya Kasisi Mutava Musyimi, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa Baraza la Makanisa, kupendekeza sheria za kusimamia mashirika ya dini. Pametokea miswada na mapendekezo ya kusajili, kukagua na kufuta. Si mara ya kwanza: kanuni za namna hiyo zililetwa na Mwanasheria Mkuu mapema 2016, zikaondolewa baada ya makanisa na misikiti kupiga kelele. Mimi si mmoja wa wale wanaosema serikali isiguse jambo la dini kamwe. Mtoto akifa njaa mikononi mwa mhubiri, polisi waingie, na wala wasisubiri cheti cha usajili. Sheria za mauaji na za kuwalinda watoto zilikuwapo kabla ya Shakahola. Zilichokosa ni wa kuzitekeleza.

Lakini kumbukeni ni dawati gani lililokinyima chama cha Mombasa usajili mwaka 1992. Ni dawati la msajili. Yeye hatishi mtu. Anaandika barua fupi yenye nambari ya kumbukumbu, na kesho yake mtu hana ukumbi, hana akaunti ya benki, hana kibali cha mgeni wake. Kasisi anayejua kwamba cheti cha kanisa lake kinakaguliwa kila mwaka na ofisi iliyo chini ya waziri atayapima mahubiri yake Jumamosi usiku, peke yake, wala hakuna atakayejua ni aya gani aliifuta.

Kifungu cha 118 cha katiba kinalilazimisha Bunge kuwashirikisha wananchi kabla ya kutunga sheria. Mswada wowote wa mashirika ya dini ukifika mbele ya kamati na maoni yakaitishwa, tusiwaachie maaskofu na Baraza Kuu la Waislamu waende peke yao, kana kwamba ni shauri la wenye majoho. Twende na tuulize: ni nani anayemteua msajili na ni nani anayeweza kumfukuza? Anaweza kufuta cheti bila amri ya korti? Kipo kipengele, hata kiwe kimefichwa wapi, kinachomkataza kiongozi wa dini kusema juu ya serikali, kodi, ardhi au kura? Na ikiwa kipo, aliyekiandika atuambie ni neno gani la Muge, la Okullu, la Ndingi Mwana a'Nzeki juu ya damu ya Molo, ambalo kingeliruhusu. Maswali hayo yaandikwe, yatiwe sahihi, na nakala moja ipelekwe kwa mbunge wako kabla ya kusomwa kwa mara ya pili, kwa kuwa baada ya hapo hujibu kwamba muda umepita.